Taharuki Ukingoni mwa Tanganyika: Kamera, Mwanga na Sauti katika Ufunguzi wa Sinema za Kutisha

Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili hulitaja neno taharuki karibu kila wiki. Humweleza mwanafunzi kuwa taharuki ni ile hali ya kumtia msomaji hamu na wasiwasi wa kutaka kujua litakalotokea, kisha humpa mfano kutoka riwaya au tamthilia iliyomo katika mtaala, na somo likaendelea. Katika makala haya tunakusudia kulitoa neno hilo vitabuni na kulipeleka mahali ambapo vijana wetu hukutana nalo mara nyingi zaidi, yaani katika sinema, na hasa katika dakika chache za mwanzo za sinema za kutisha. Tutaanzia Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa mwambao huo umewahi kuipa dunia sinema moja ya aina hiyo, na namna sinema hiyo inavyofunguliwa yastahili kuchunguzwa na watu wanaoyajua maji hayo.

Rumonge ni mji wa uvuvi na mawese, kiasi cha kilometa sabini na kitu kusini mwa Bujumbura. Kiswahili husikika huko sokoni na mwaloni pamoja na Kirundi, nao ni urithi wa biashara ya zamani iliyouunganisha ukingo huo na Ujiji. Ukiufuata ukingo kuelekea kaskazini, ukapita Minago na Magara, utafika Bujumbura, na mbele kidogo utakuta mlango wa mto Rusizi, penye matete mengi, viboko na mamba. Huko ndiko alikopata sifa mamba mmoja ambaye Mfaransa Patrice Faye, mkazi wa Burundi kwa miaka mingi, alimpa jina la Gustave mwishoni mwa miaka ya 1990. Alikadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6 na uzito wa karibu kilo 900, ingawa hakuna aliyewahi kumpima. Idadi ya watu aliosemekana kuwaua ilipanda kadiri habari zilivyosafiri, hata ikafika 300, nasi tunaitaja kama uvumi tu. Lililo hakika ni kwamba simulizi zake ziliteremka na ukingo, kutoka kijiji hadi kijiji, na kwamba mama aendaye kuteka maji alfajiri hakuhitaji takwimu ili asimame kwanza na kuyatazama maji.

Kule kusimama na kuyatazama maji ndiko kunakotufaa katika somo letu, kwa sababu ni taharuki tupu. Hakuna kilichotokea bado. Maji yametulia, na utulivu wenyewe ndio unaotia shaka.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya: taharuki na mshtuko. Mwongozaji wa sinema Alfred Hitchcock, alipozungumza kwa siku kadhaa na mwenzake François Truffaut mwaka 1962, aliueleza mfano wake maarufu wa bomu lililofichwa chini ya meza ya watu wanaozungumza. Ikiwa watazamaji hawana habari ya bomu, likilipuka watashtuka kwa nukta chache, basi. Ikiwa wameoneshwa bomu na saa iliyo ukutani, mazungumzo yaleyale ya kawaida yatawakalisha juu ya makaa muda wote. Mshtuko, basi, huwapata wasiojua kitu, na taharuki huwapata wanaojua nusu. Ufunguzi mzuri wa sinema ya kutisha ni kazi ya kugawa ile nusu: jicho lipewe nini, sikio lipewe nini, na kipi kifichwe kwa vyote viwili.

Mfano unaorejewa kila mara ni Jaws, sinema ya Marekani ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Steven Spielberg. Nasi tutakaa nayo kwa kitambo, maana sinema nyingi za wanyama wa majini zilizofuata, pamoja na ile ya Burundi, zimeteka maji katika kisima hicho. Vijana wamekaa ufukweni usiku wakiota moto. Msichana mmoja anakimbilia baharini kuogelea, na mvulana anayemfuata, akiwa amelewa, anaanguka mchangani. Kufikia hapo hakuna la kuogopesha. Kisha kamera inashuka chini ya maji na kumtazama msichana kutoka chini kwenda juu, mwili wake ukiwa kama kivuli cheusi kwenye mwanga hafifu. Nani awezaye kumtazama mtu kutoka mahali pale, isipokuwa kitu kinachoishi humo? Hakuna neno lililosemwa, lakini mtazamaji amekwisha kupewa macho ya muuaji, na hawezi kuyarudisha.

Ndipo inapoingia sauti. Mtunzi wa muziki, John Williams, alichagua nota mbili nzito zilizokaribiana sana, zinazopigwa polepole, kisha kwa haraka zaidi, mfano wa moyo au wa hatua za mtu anayekaribia. Sikio linahesabu umbali ambao jicho haliwezi kuuona. Msichana anapovutwa, kamera imeinuka ikawa sawasawa na uso wa maji, hata mtazamaji mwenyewe anajihisi kama anayameza. Anaburutwa huku na huku. Kwa kweli alikuwa amefungwa kamba, na watu walikuwa wakimvuta kutoka pande mbili. Kisha anazama, na maji yanarudia utulivu wake kana kwamba hakuna aliyekuwapo. Papa haonekani hata mara moja. Mtazamaji atangoja zaidi ya saa nzima kabla ya kumwona vizuri, jambo lililosaidiwa na bahati mbaya, kwani papa wa bandia waliotengenezwa kwa kazi hiyo waliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, ikambidi mwongozaji amfiche mnyama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Sinema hiyo ilipata tuzo tatu za Oscar: ya uhariri, ya muziki na ya sauti.

Kuna jambo moja zaidi katika Jaws ambalo twalipenda kuliko yote. Baadaye watoto wawili wanawatisha waogaji kwa pezi la kadibodi. Umati unakimbia na makelele yanatanda, lakini zile nota mbili hazisikiki. Muziki wa sinema hiyo haumdanganyi mtazamaji: ukisikika, mnyama yupo. Hivyo sauti imekuwa kama msimulizi wa kuaminika, na msimulizi akiaminika hutisha zaidi. Mwalimu anayefundisha tofauti ya msimulizi mwaminifu na msimulizi mwongo anaweza kuitumia sehemu hiyo darasani bila kutafuta mfano mwingine.

Miaka 3 baadaye, mwaka 1978, John Carpenter aliifungua sinema yake Halloween kwa kumpa mtazamaji macho ya muuaji kwa dakika kadhaa mfululizo, kamera ikizunguka nyumba, ikiingia jikoni, ikichukua kisu, ikipanda ngazi. Ni baada ya mauaji ndipo kinyago kinapovuliwa na tunagundua kwamba aliyekuwa akitazama ni mtoto wa miaka 6. Mbinu ni ileile ya kuazima macho, isipokuwa hapa siri si pale anapoelekea muuaji, bali ni nani.

Tukirudi kwetu, historia yatulazimu kusema jambo moja, kwa kuwa kulikuwa na watu waliodai kwamba wenyeji wa Afrika hawawezi kuisoma lugha hii ya kamera. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, lilifanyika jaribio la kutengeneza sinema za kuelimisha Waafrika, ambazo zilizungushwa kwa gari katika Afrika ya Mashariki na Kati. Picha hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo katika Kiswahili na lugha nyingine yalichezwa kutoka sahani za santuri. Baada yake ikaja idara ya sinema ya makoloni ya Uingereza, iliyodumu tangu 1939 hadi 1955, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha ndefu, za polepole, zisizo na ujanja wa kamera wala kurukaruka kwa mahali na wakati, asije akachanganyikiwa. Kwa ufupi, vyote vinavyojenga taharuki vilipigwa marufuku kwa ajili ya faida yetu! Vijana waliojaa katika mabanda ya video ya Bujumbura, Kigoma na Uvira miaka ya baadaye walilijibu dai hilo wenyewe. Walijua barabara kwamba kamera ikimfuata mtu kutoka nyuma ya matete, kuna mwenye macho hayo.

Baina ya ukingo wa Rumonge na sinema ya Marekani kuna kiungo kimoja, nacho ni sinema ya maelezo iliyooneshwa mwaka 2004, Capturing the Killer Croc. Faye na wenzake walitengeneza mtego wa chuma wenye urefu wa kiasi cha mita 9 na uzito wa karibu tani 1, wakauweka mtoni pamoja na kamera ya kuonea gizani. Chambo cha kwanza hakikufaa kitu, wala cha pili. Mwishowe wakafunga mbuzi hai. Usiku mmoja dhoruba ikaja na kamera ikakatika. Asubuhi mtego ulikutwa umezama nusu, na mbuzi hayupo. Sisi twaona kuwa saa zile za giza, ambazo hazina picha hata moja, ni ufunguzi wa kutisha kuliko chochote kilichopigwa baadaye juu ya mamba huyo. Jicho limefumbwa, sikio halina kitu, na kinachobaki ni kamba iliyolegea majini.

Ndipo Januari 2007 ikatolewa Primeval, iliyoongozwa na Michael Katleman. Inasimulia waandishi wa habari wa Marekani wanaokwenda Burundi kumkamata Gustave. Haikupigwa Burundi, picha zake zilipigwa Afrika Kusini, na mamba mwenyewe alichorwa kwa kompyuta. Matangazo yake yalimficha mamba kabisa, yakazungumzia muuaji wa watu wengi kana kwamba ni binadamu, hata watazamaji wengi waliingia ukumbini wakidhani wanakwenda kuona jambo jingine. Huo nao ni ujanja wa kuficha, lakini umefanywa na wauzaji, nje ya kazi yenyewe.

Sinema hiyo inafunguliwa kwenye kaburi la halaiki kando ya mto. Mwanamke Mwingereza, mtaalamu wa mabaki ya binadamu, anachunguza maiti na kueleza kwamba wote waliuawa kwa namna moja. Anachimba mahali anapodhani pana kaburi jingine, na kitu kisichoonekana kinatoka na kumburuta mtoni. Askari wa Umoja wa Mataifa wanapiga risasi majini bila faida. Mwili unaelea kidogo, kisha unavutwa tena chini.

Kwa upande wa ufundi, ufunguzi huu umejifunza kwa Jaws: mnyama amefichwa, maji yanafunguka na kufunga, na wanaume wenye bunduki wanajikuta si kitu. Hata hivyo, wapaswa kuulizwa swali moja. Lile kaburi lina kazi gani? Mtazamaji anaoneshwa maiti wa Burundi ili apate kutulia katika hofu ya aina moja, kisha ashtushwe na hofu ya aina nyingine. Waliolala kaburini hawana majina, hawana jamaa waliosimama kando, hawana hata kosa waliloshtakiwa. Wamekuwa kama pazia la jukwaa, na pazia hufunguliwa ili apite mwigizaji mkuu, naye ni mnyama. Baadaye sinema inajaribu kulipa deni hilo kwa kusema kwamba vita ndivyo vilivyomzoeza mamba nyama ya watu, kwa miili iliyotupwa majini. Lakini hofu ikishahamishwa kutoka kwa aliyeua hadi kwa mnyama aliyekula, ni vigumu kuirudisha.

Tusidhaniwe kuwa wakali bila sababu. Mwambao wa Rumonge una kumbukumbu zake. Mwaka 1972, tarehe 29 Aprili, uasi ulizuka huko Rumonge na Nyanza-Lac na watu wengi wakauawa, na ukandamizaji uliofuata nchini kote ukaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu. Mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba, vilianza vita vingine vilivyodumu zaidi ya mwongo mmoja. Na makaburi ya halaiki kando ya mto hayakubaki kuwa jambo la sinema. Mapema mwaka 2020, tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi karibu na mto Ruvubu, mkoani Karusi, na kutangaza kuwa imepata mabaki ya watu 6,032 katika mashimo sita. Kulikuwa na nguo, miwani na rozari, na baadhi ya marehemu walitambuliwa kwa vitu hivyo. Mtu aliyewahi kufikiria miwani hiyo, kwamba kuna mtoto aliyekuwa akiiona usoni mwa baba yake kila jioni, hawezi kuketi vizuri mbele ya ufunguzi wa Primeval, wala si kwa ajili ya mamba.

Hapo twaona mpaka wa ufundi. Kamera inaweza kuficha mnyama, na mtazamaji akashukuru kwa kufichwa huko. Ikiwaficha watu huku ikiwaonesha maiti zao, haimpi mtazamaji taharuki tena.

Sasa tuseme neno juu ya mwanga, tulioupita haraka. Sinema nyingi za zamani zilipiga usiku wao mchana, picha zikatiwa giza, na hata leo usiku wa sinema huwa wa rangi ya buluu yenye mbalamwezi, ili tupate kuona. Mvuvi wa Rumonge angecheka. Usiku wa kazi ziwani ni usiku usio na mwezi. Zamani watu walivua kwa mienge ya moto na nyavu za mkono ziitwazo lusenga, zikaja karabai, siku hizi kuna taa za betri. Ndagala huvutwa na mwanga huo katikati ya giza, na mwezi mpevu ukitoka, mwanga wa taa hushindwa na mitumbwi hukaa ufukweni. Mtu akisimama Rumonge usiku wa giza huona taa nyingi mbali majini, mstari wa mji usiokuwapo mchana. Kila taa inaangaza uso wa mtu, mkono na kipande kidogo cha wavu. Kuzunguka kipande hicho pana weusi, na chini yake pana maji ambayo kina chake, penye shimo kubwa kuliko yote, hufikia mita 1,470. Fundi wa mwanga asingehitaji kuongeza kitu. Tena mamba huonekana vizuri kwa taa kuliko kwa mwezi, maana macho yake hurudisha mwanga yakawa mekundu kama makaa mawili, na akizama, makaa yanazimika.

Na sauti? Juu ya maji yaliyotulia sauti husafiri mbali usiku, hata mazungumzo ya mtumbwi mmoja hufika kwa mwingine. Hapo ndipo lugha inapoingia, jambo ambalo wageni waliotengeneza sinema juu ya mwambao huu hawakulijali sana. Wavuvi huitana kwa Kirundi na kwa Kiswahili, jina la mtu linarushwa gizani na jibu linarudi. Jina likirushwa mara ya pili bila jibu, mtu yeyote aliyekulia ukingoni ataacha alichokishika, kwani kwake ukimya huo ni habari tayari.

Twalitaja hili pia kwa sababu ya desturi ya mabanda yetu. Watafsiri wa sinema, kama Lufufu aliyejulikana sana Dar es Salaam, na wenzao wa Kampala, wameifanyia lugha yetu na lugha za jirani kazi kubwa. Wamewapa watazamaji hadithi ambazo zingewapita. Lakini wengi wao huogopa ukimya. Pale ambapo mwongozaji ameacha maji yaseme, mtafsiri hutia mzaha au hutangaza anayekuja kufa. Mtazamaji hucheka, na taharuki inakuwa burudani ya aina nyingine, yenye ladha yake, ila si ile iliyopikwa. Mtafsiri hodari angejua wapi pa kunyamaza, sawa na msimulizi wa ngano ambaye, baada ya watoto kuitikia pakawa, hangoji wanyamaze tu, hungoja mpaka waanze kutazamana.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi jepesi, lisilohitaji zaidi ya simu na kipaza sauti kidogo. Chagua ufunguzi wowote unaofaa umri wa darasa. Kwanza ufunike kioo, wanafunzi wasikilize tu na kuandika kila wanachodhani kinatokea. Halafu uzime sauti, watazame picha peke yake. Mara ya tatu waupate wote, na kila mmoja aoneshe pale ambapo sikio lake lilitangulia jicho. Watahitaji maneno, nayo tunayo: picha ya karibu, picha ya mbali, kiwambo, kivuli, mwangwi, mnong'ono, kimya. Mwisho waandike, kwa Kiswahili, ufunguzi wa sinema yao inayotokea mahali wanapopajua, kwa sharti kwamba kinachotisha kisionekane.

Mwaka 2007 ulioitoa Primeval ndio mwaka ambao Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 1 Julai, na Kiswahili kimezidi kupata nafasi katika shule zake tangu hapo. Mwanafunzi wa Rumonge akipewa zoezi hilo, hatakuwa na haja ya Afrika Kusini wala ya kompyuta ya kuchora mamba. Ana taa thelathini ziwani, zote zikiyumba kidogo. Kamera haisogei. Mtu anaitwa kwa jina lake, anaitika. Anaitwa tena. Kisha zinahesabiwa taa, nazo ni ishirini na tisa.